Mpango wa Miaka Mitano wa Mchungaji Fidencio

Jumatatu, 4 Machi

Barua kutoka kwa Don Casimiro, msimamizi wa makanisa yetu, kule Jiji la Guatemala. Jumamosi anapanda huku milimani. Anataka kuona mpango wa kanisa wa miaka mitano. Nisipokuwa nao, waumini wangu sitini wataunganishwa na wa Mchungaji Ubaldo wa ng'ambo ya bonde, nami nitakuwa msaidizi wake. Msaidizi wa Ubaldo! Mtu anayesalimia watu kwa kipaza sauti!

Mke wangu, Herlinda, kashauri niwaulize waumini. Nikamwambia Musa hakuuliza mtu njia. Kasema ndiyo maana alizunguka jangwani miaka arobaini.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga ili nipate maono. Nimepanda kilimani na Biblia na daftari. Saa nne, kimya. Saa tano nikaona tamales za unga wa mahindi, waziwazi kabisa, zikifuka mvuke ndani ya majani ya mgomba. Nikashuka. Nimekula nne.

Jumatano, 6 Machi

Nimeokoka! Rafiki yangu wa chuo cha Biblia, mchungaji huko pwani ya Karibi, kanitumia mpango wake kwa simu. Kurasa thelathini! Michoro ya mishale! Nimebadilisha jina la kanisa tu, nikauchapisha. Jalada la plastiki, la bluu.

Nimempitia Ubaldo sokoni makusudi, mpango kwapani. Kauliza ni kitu gani hicho. "Mwelekeo, ndugu yangu," nikamjibu. "Wengine tunao." Kasahau kuchukua chenji yake. Sijawa na siku tamu hivi mwaka huu.

Alhamisi, 7 Machi

Doña Tránsito, kiongozi wa akina mama, amekuja na karatasi yake. Eti wamepita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanahitaji nini kutoka kwa kanisa lao. Nikamshukuru, nikamwambia mpango umekamilika, wao washughulikie uji wa mahindi wa wageni. Kasema, "Haya, Mchungaji." Siipendi kabisa sauti ile.

Herlinda kauliza kama nimeusoma huo mpango. Nikamweleza kwamba mpango ni wa kufuatwa, si wa kusomwa.

Jumamosi, 9 Machi



Don Casimiro kafika. Ubaldo naye, bila kualikwa, kakaa kiti cha mbele. Kanisa pomoni. Msimamizi kafungua ukurasa wa saba, akausoma kwa sauti: kanisa litanunua mashua mbili za kuhubiria visiwani.



"Mchungaji," akauliza taratibu, "bahari yenu iko wapi?"

Nikasema tunaisubiri kwa imani. Ubaldo kacheka hadi kiti kikalia. Ukurasa wa tisa: waumini wote kufundishwa kuogelea. Nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo Doña Tránsito akasimama na karatasi yake. Wazee kumi na mmoja hawawezi tena kupanda mlima huu hadi kanisani. Ibada itawafuata nyumbani. Wanawake kumi na wanne wanataka kujifunza kusoma Biblia wenyewe. Wapo waliobaki peke yao baada ya watoto kwenda kaskazini, Marekani, kutafuta kazi. Watatembelewa kila wiki. Nyumba tatu wameshaanza.

Msimamizi akauliza nani aliwafundisha haya. Doña Tránsito akanitazama.

"Mwaka jana mchungaji wetu aliumwa," akasema. "Tulikuwa tunakwenda kwake kila siku. Hapo ndipo tulipojua kutembeleana kuna maana gani."

Don Casimiro akaweka jalada la bluu kando, akaomba ile karatasi. Akasema huu ndio mwelekeo. Kanisa libaki. Mchungaji abaki, ila ajifunze kusikiliza.

Nimebaki! Machozi yamenitoka, nimesingizia vumbi. Ubaldo kaondoka bila kunywa uji. Nimekunywa wake.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelala kama mtoto mchanga, usiku mbili mfululizo. Kisha asubuhi hii simu kutoka kwa Don Casimiro! Mwezi Juni nikawaeleze wachungaji wenzangu namna ya kusikiliza waumini. Mimi!

Herlinda kasema nikamuulize Doña Tránsito la kusema. Ya nini kumsumbua mtu? Nimeshaamua yote peke yangu: hotuba ya saa tatu nzima. Tena nimeamua kanisa liwe na bendi ya tarumbeta arobaini. Waumini nitawatangazia Jumapili. Wataipenda mno.

Herlinda yuko mlangoni, ananiambia jambo. Ni mara ya tatu sasa. Ngoja nimalize kuandika.