Homa ya Mapafu ya Inspekta

Jumatatu, 1 Desemba

Leo nimegundua jambo zito. Inspekta anaumwa.

Inspekta ni paka wangu. Rangi ya majivu, masharubu ya mkubwa wa polisi. Analinda magunia yangu thelathini na mawili ya mahindi hapa Kitale. Jirani yangu Gachanja alinipa mwezi wa tisa. Wakati huo nilidhani ni wema.

Jioni alipanda mapajani mwangu, mara ya kwanza tangu aje. Nikamkuna shingo. Mara nasikia ngurrr, ngurrr kifuani, kama mashine ya posho inayosaga bila mahindi. Nikaondoa mkono, ikanyamaza. Nikarudisha, ikaanza. Maumivu hayo! Ukigusa kidonda, mgonjwa analia.

Mke wangu Nakhumicha akasema ati paka wote hufanya hivyo. Nikamuuliza amesomea wapi. Akaniuliza na wewe je, Baba Dancan? Nikamkumbusha kwamba mimi niliacha shule darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na cha kunifundisha.

Kwetu Bokoli paka alikaa ghalani, akala panya, basi. Nani alimpakata? Lakini ng'ombe nawajua. Mwaka wa tisini na nne nilizalisha ng'ombe wa mzungu mmoja huko karibu na Suam, kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika mwavuli. Akatoa ndama watatu. Mzungu akalia. Ng'ombe pia akalia. Sasa ng'ombe akinguruma kifua namna hii, jina la ugonjwa ni moja tu. Homa ya mapafu.

Na ubaya ni wiki hii! Jumamosi natakiwa Bokoli kwa dada yangu Nanyama. Wakwe wanatoka Cheptais kuleta ng'ombe za mahari ya binti yake, Joy. Kwetu, mjomba wa bibi harusi ana mtamba wake, jike ambaye hajazaa, katika hizo ng'ombe. Lakini lazima awepo mwenyewe langoni, amguse kwa fimbo, aseme nimepokea. Asipokuwepo, atakayesimama mahali pake ndiye mwenye mtamba. Na anayetaka kusimama namjua. Binamu yangu Levi. Amekuwa akiniulizia afya tangu Oktoba.

Nitampata mtamba. Na Inspekta hafi. Nimeamua.

Jumanne, 2 Desemba

Asubuhi kwa Gachanja. Ana duka la dawa za mifugo pale karibu na stendi. Nikaeleza dalili kitaalamu, bila kutaja mnyama. Akaandika vizuri. Kisha akauliza uzito. Nikasema kilo tatu.

Akaweka kalamu chini. "Mzee Mukhisa, hiyo ni ng'ombe gani ya kilo tatu?"

Ikabidi nimtaje Inspekta. Wateja wakacheka. Mmoja alilazimika kukalia gunia la chakula cha kuku. Gachanja akakataa kuniuzia sindano. Akasema ati paka ni mzima, ati hata mama yake alikuwa ananguruma hivyohivyo, ati ukoo wote unanguruma.

Aha! Kwa hivyo ugonjwa ni wa ukoo, na alijua! Nikamwambia peupe kwamba mtu anayempa jirani paka mwenye mapafu mabovu atajibu mbinguni. Akaniuliza kama nataka risiti.

Nikanunua jiwe la chumvi la kulamba. Inspekta akalinusa, akazunguka mara mbili, akalikojolea.

Mchana nikachemsha dawa yangu mwenyewe. Tangawizi, kitunguu saumu, asali. Nikatia kwenye chupa ya soda. Ndama unamnywesha hivi: kichwa juu, chupa pembeni mwa mdomo, mimina. Ndama humeza. Inspekta si ndama. Nina mikwaruzo kumi na minne.

Kanisani nikiulizwa nitasema ni chui.

Jumatano, 3 Desemba

Karantini! Ndivyo serikali hufanya ikiona homa ya mapafu. Hakuna mnyama kutoka, hakuna kuingia. Nimefunga kamba ya katani kwenye mlango wa chumba cha wageni na kumweka Inspekta ndani. Nimeandika kwenye kadibodi, herufi kubwa: KARANTINI. USIMGUSE. Nakhumicha akasema wageni wetu watalala wapi. Nikasema hatuna wageni. Akasema sasa anaelewa ni kwa nini.

Saa nne nikachungulia dirishani. Kimya. Saa sita, kimya. Saa tisa amelala chali, kimya kabisa. Hakuna ngurumo hata moja! Tangawizi imefanya kazi! Madaktari wakubwa wanahangaika na mashine, mimi nimemaliza kwa chupa ya soda.

Furaha ikanizidi. Nikaingia, nikamkumbatia, nikambusu kichwani.

Ngurrrrr.

Ugonjwa umerudi, tena na nguvu mpya. Nililia kidogo. Naandika hapa tu. Nikamrudisha chini, nikatoka kinyumenyume, na nikanawa mikono hadi kwenye kiwiko.

Nakhumicha alikuwa mlangoni. Akasema umeona, ukimshika ananguruma, ukimwacha ananyamaza, si hiyo inakuambia kitu? Nikamwambia ndiyo, inaniambia kidonda kiko pale ninaposhika. Akaenda zake kupepeta maharagwe.

Alhamisi, 4 Desemba

Panya wametoboa magunia mawili. Wanajua Inspekta hayuko kazini. Nimemwona mmoja akitembea mchana peupe, polepole, kama mwenye shamba.

Nakhumicha akanionyesha mashimo, mikono kiunoni. Akasema nimtoe paka nimrudishe ghalani leo. Nikamuuliza, askari mgonjwa anapelekwa vitani? Akasema akikaa na mimi siku mbili zaidi ndipo atakufa, kwa kitunguu saumu.

Nanyama akapiga simu. Ndugu yangu, usiniangushe. Uje kesho, uje na koti, uje na fimbo ya baba. Akasema Levi amekwisha kupiga pasi suti. Suti! Nani alimwambia apige pasi?

Tatizo ni hili. Nikienda, nani atamwangalia Inspekta? Nakhumicha anaenda Bokoli Jumamosi na akina mama wa kanisa, na amekataa hata kumsikiliza kifua. Nikibaki, Levi anapata mtamba wangu. Nilikaa na hii hesabu kuanzia chai ya saa nne hadi ugali.

Jibu nimelipata. Inspekta anaenda Bokoli. Karantini inasema mnyama asitoke. Lakini mimi ndiye niliyeiweka, na mwenye kuweka anaweza kuhamisha. Nitahama na karantini yote, ndani ya kikapu.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimefika Bokoli. Safari nzima Inspekta hakutoa sauti. Dalili mbaya sana.

Levi alinipokea langoni. Binamu huyu ana tabasamu la muuza viwanja. Akasema aah, umekuja, bana, tulisikia uko na mgonjwa. Kisha akauliza ndani ya kikapu kuna nini. Nikasema kofia yangu ya sherehe. Kofia ikasema nyau. Levi akatazama kikapu, akanitazama, akasema ni kofia nzuri.

Joy akaja kunisalimia kwa mikono miwili. Khocha, asante kwa kuja, bila mjomba siku yangu ingekuwa nusu. Msichana mwenye adabu. Nilimwambia kesho nitasimama pale langoni kama Mlima Elgon. Nikamsimulia na ile habari ya nyati niliyemrudisha msituni kwa kumkazia macho tu. Alikwisha kuisikia, lakini alishtuka palepale anapotakiwa kushtuka.

Nimemficha Inspekta jikoni kwa Nanyama, nyuma ya mtungi, kikapu kimefungwa kwa mafundo mawili. Kesho ni kugusa, kupokea, kurudi kwa mgonjwa. Dakika kumi.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika hivi kalamu ikitoboa karatasi. Kwa hasira, si kwa kitu kingine.

Saa tano wakwe wakafika. Ng'ombe tisa, vumbi, nyimbo, vigelegele. Mtamba wangu mbele! Wa kahawia, nyota nyeupe usoni, macho kama ya mtu aliyesoma. Nikasimama langoni. Koti, fimbo ya baba, kila kitu. Nikainua fimbo.

Hapo Levi akatoka jikoni amempakata Inspekta. Anamkuna kidevu! Akasema kwa sauti, "Ndugu, kofia yako imetoroka!" Na Inspekta ananguruma hadi mimi namsikia hatua kumi mbali. Sijawahi kumsikia vibaya namna ile. Nikajua ndiyo dakika zake za mwisho.

Nikapiga kelele: "Mweke chini! Ana homa ya mapafu! Inaambukiza!"

Nilikuwa namwambia Levi. Lakini waliosikia ni wakwe.

Nyimbo zikakatika. Mzee wao akainua mkono, vijana wakageuza ng'ombe barabarani palepale. Akauliza homa ya mapafu iko katika boma hili tangu lini, na kwa nini hawakuambiwa. Akasema ng'ombe zake haziingii hapa, zinarudi Cheptais. Nanyama akaketi chini kwenye nyasi. Joy akatoka na gauni jipya, machozi yanashuka. Akasema kitu kimoja tu: "Khocha, unanifanyia nini?"

Hapo nikashusha fimbo ya baba.

Nikasema si ng'ombe mgonjwa, wazee wangu. Ni paka. Mzee akauliza tena, ni nini? Paka, nikasema. Anaitwa Inspekta.

Akatokea mama mmoja upande wao. Chemutai, shangazi wa bwana harusi. Kumbe ni daktari wa mifugo, amestaafu baada ya miaka thelathini. Akamchukua Inspekta, akalaza sikio kifuani, akamkuna, akasikiliza. Watu wote wamesimama, ng'ombe wamesimama. Nikaegemea fimbo, nikangoja hukumu.

Akasema: "Mzee, huyu hana ugonjwa wowote. Huyu anafurahi. Paka akipendwa hunguruma. Ila ananuka kitunguu saumu, sijui kwa nini."

Akaanza mmoja kucheka, kisha wote. Nakhumicha alicheka akishikilia akina mama wawili. Joy alicheka na machozi bado mashavuni, na hapo nilishukuru Mungu hata mimi. Ng'ombe wakaingia.

Lakini wazee wakakaa pembeni. Wakasema mjomba aliyesimamisha mahari langoni hawezi kuipokea. Fimbo akapewa Levi. Akamgusa mtamba wangu, amevaa suti yake ya pasi. Mimi, kwa huruma, nikapewa kondoo.

Jumapili, 7 Desemba

Nimerudi Kitale na Inspekta na kondoo. Njia yote mabega ya Nakhumicha yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Nimewaza sana. Ukweli ni kwamba mimi nilijua tangu Jumatatu. Nilikuwa nawapima tu. Na kama si mimi, wakwe wangejuaje kwamba boma letu halina homa ya mapafu? Sasa limethibitishwa na daktari, bure.

Inspekta amerudi ghalani. Panya watatu kabla ya chakula cha mchana. Amepanda mapajani mwangu, amenguruma, nami nimekaa nikasikiliza kama mtaalamu. Afya tupu! Gachanja alipita, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamweleza kwamba mnyama mzima hunguruma, na kwamba mtu mwenye duka la dawa alipaswa kujua. Akaenda zake.

Elimu hii haitapotea. Mtamba wameninyang'anya, lakini kondoo huyu nitamlea hadi Levi aone haya.

Jumatatu, 8 Desemba

Kondoo hangurumi.

Nimemkuna shingo. Nimemkuna tumbo. Nimemkuna katikati ya masikio kwa nusu saa, kwa upendo wa kweli. Nimelaza sikio kifuani. Kimya! Anatafuna tu na kutazama ukuta, kama mtu anayeficha maumivu.

Nimempigia Chemutai simu mara sita. Mara ya saba ikasema mteja hapatikani. Nakhumicha amesema ati kondoo hawangurumi. Ni yeye yule aliyesema Jumatatu iliyopita ati paka hawaumwi.

Wapo watakaomwacha mnyama wao afe kikondoo. Si mimi. Kamba ya katani nimeifunga tena kwenye mlango wa chumba cha wageni. Ile kadibodi bado ni nzuri. Tangawizi iko motoni, na Gachanja ameniuzia chupa kubwa zaidi.