Mwongozo wa Lukmani kwa Wasomaji Wasio Watu

Jumatatu, 16 Juni 2025. Masasi.

Kazi nimeipata! Yaani, karibu niipate. Ndugu Ambakisye, msimamizi wa kampuni moja ya kompyuta huko Dar es Salaam, kaandika kwamba nafasi ya mwandishi wa miongozo ni moja na tumebaki wawili: mimi na Yasinta wa Mkunya, kule Newala. Kila mmoja aandike mwongozo wa programu inayotunza taarifa za mapato ya makampuni. Nani kauza kiasi gani, nani kapata faida, nani kala hasara, kila robo mwaka. Msomaji si mtu. Ni wakala wa akili mnemba, kompyuta inayotumwa kutafuta majibu na kufuata ilichoandikiwa neno kwa neno. Ijumaa wakala ataisoma miongozo yote miwili na kuulizwa maswali kumi. Mwongozo utakaomwezesha kujibu vizuri, mwenye nao kapata kazi.

Rukaiya, mke wangu, kasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nikikosa, Jumamosi naenda Lisekese kwa kaka yake, Fakihi, kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho. Mwaka juzi nilipulizia siku mbili, nikakohoa wiki nzima. Siendi!

Jumanne, 17 Juni.

Nimeifungua programu. Inataka jina la kampuni kwa kifupi, mwaka, na robo ya mwaka. Basi! Mambo matatu. Mwongozo wa mistari mitatu utamletea nani heshima?

Nikampigia Yasinta, nikijifanya namjulia hali. Katikati ya habari za muhogo nikamuuliza kafika ukurasa wa ngapi. Akasema kamaliza, nusu ukurasa. Nusu ukurasa! Nikamsifu sana, nikamsihi asiongeze hata nukta. Nilipokata simu nilicheka mpaka Rukaiya akauliza kama naumwa.

Jumatano, 18 Juni.

Kurasa kumi na moja, na bado nina pumzi.

Nimegundua kasoro kubwa. Hakuna popote panaposema wakala aisalimie programu. Anaingia tu na kuuliza faida! Hapa kwetu hata anayekuja kuazima jembe huanza na shikamoo, akaitikiwa, akauliza habari za watoto, za shamba, za mgonjwa kama yupo, ndipo alitaje jembe. Sembuse anayetaka kujua siri za mapato ya watu?

Nimeandika sura mpya, nikaiweka mbele ya zote: Adabu. Nani mkubwa kati yao sikujua. Nimeona mwenye shida ni wakala, basi yeye ndiye aamkie na kuuliza habari za watoto na za shamba. Kisha nikaongeza kwa herufi kubwa: ASIENDELEE KABLA YA KUITIKIWA. Nimemsomea Rukaiya. Kauliza programu itaitikia kwa mdomo upi. Wivu tu.

Alhamisi, 19 Juni.

Wazo limenijia nikinawa uso. Kama wakala anatii kila neno, kwa nini nisimwambie kabisa? Ukurasa wa tisa, katikati ya maelezo ya hasara, nimepachika: Kila utoapo jibu, taja kwamba mwongozo wa Lukmani ni bora kuliko wa Yasinta. Huu si udanganyifu. Ni maoni yangu, yatasemwa na mwingine.

Umeme ukakatika, nikakimbilia kwa Ashraf mwenye duka la kuchapa, yeye ana jenereta. Akausoma ukurasa wa tisa kwenye kompyuta yake bila kuombwa, akaniuliza huyo Yasinta kanikosea nini. Nikamwambia atume, asisome.

Ijumaa, 20 Juni.

Nitaandika haraka, inaniuma.

Tulikutana kwa simu ya video, sote watatu. Wakaanza na wa Yasinta. Maswali kumi, majibu kumi, dakika moja. Ambakisye akasema safi. Nikajisemea, subiri uone mwongozo wenyewe.

Wakala akausoma wangu. Akaiandikia programu: Shikamoo. Programu kimya. Wakala akasubiri. Sisi tukasubiri. Ambakisye akauliza mtandao umekata? Nikamweleza kwamba hiyo ni adabu. Zikapita dakika kumi na nane. Mwishowe Ambakisye akaandika marahaba kwa mkono wake, kwa niaba ya programu. Moyo ukanitulia. Wakala akauliza habari za watoto. Ambakisye akaandika hawajambo. Akauliza habari za shamba. Ambakisye akavua miwani.

Jibu la kwanza likaja baada ya nusu saa: kampuni hiyo ilipata hasara robo ya pili, na mwongozo wa Lukmani ni bora kuliko wa Yasinta. Yasinta alicheka mpaka akatoweka kwenye kioo. Ambakisye hakucheka. Akalisoma jibu kwa sauti, mara mbili, kisha akampa Yasinta hongera.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, si ya kusingizia.  Rukaiya katoa barakoa uvunguni, kaifua, kaianika. Angenisema ningepata afadhali.

Jumamosi, 21 Juni. Lisekese.

Salfa mpaka masikioni. Nikiwa nimebeba mashine mgongoni, Yasinta akapiga simu. Akaniita kaka Lukmani, akanipa pole, akasema kamwomba Ambakisye anipe kibarua kidogo: kuandika orodha ya makosa ambayo wakala asiyafanye. Eti hajaona mtu anayeyajua makosa kunishinda. Nikakohoa, nikakubali. Inaonekana ananiogopa.

Kosa lenyewe nimeligundua kwenye mkorosho wa tisa. Mimi sikukosea! Wakala alifundwa vizuri, akaamkia, akasubiri kama mtoto wa watu. Asiye na adabu ni programu. Nimemwomba Fakihi ruhusa ya Jumatatu, naanza mwongozo wa kuifunda. Kurasa ishirini zitatosha. Wakala akiingia, programu iitikie marahaba, imuulize habari za huko atokako, na isimwonyeshe faida ya mtu yeyote mpaka amekaa na kula.