Gitaa la Papa Mulenda Lilipochomoka Waya

Leo mchana nimedhalilika hapa Durban, na bora niwasimulie mwenyewe kabla video haijawafikia. Maana video ipo. Nilimwona mama mmoja akinirekodi kwa simu ambayo mimi mwenyewe nilimbadilishia kioo mwezi jana.

Na nina hasira. Nawaambia mapema ili mtu asije hapa chini kuniwekea vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi ni fundi simu, lakini gitaa ndilo lililonileta duniani. (Mke wangu anasema ndilo litakalonitoa.) Nilijifunza nikiwa Uvira, kwetu Kongo, kwa kanda za Papa Mulenda. Anayejua sebene, pale waimbaji wanapopisha na gitaa likabaki na miguu ya watu, anajua mkono wa Papa Mulenda. Kuna kipande chake kimoja nilikihangaikia miaka miwili mpaka vidole vikaota sugu.

Sasa wiki iliyopita nikaona bango. Papa Mulenda, Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi wa kasino, anapiga laivu. Kiingilio bure. Na jamaa mmoja kazini akaniambia kundi la mzee huyo linatafuta mpiga gitaa wa pili. Miaka sita niko South Beach napiga gitaa nikiwa nimekaa kitandani, kwa sauti ya chini, kwa sababu jirani anagonga ukuta. Nikasema hii ndiyo nafasi yangu ya kusimama jukwaani, watu wanione.

Leo asubuhi nikapiga pasi suruali. Mke wangu Aline akaniangalia.

"Uko naenda wapi na suruali ya harusi?"

"Kasino."

"Kuchezea franga?"

"Hapana, sichezei pesa. Naenda kusikiliza muziki."

"Banaume bote banaendaka kusikiliza muziki," akasema. Akanipa hundred rand, nikirudi nipitie kununua kuku. (Huyo kuku msimsubiri kwenye kisa hiki.)

Sikuwahi kuingia kasino maishani, na hasira ilianzia mlangoni. Mashine za kamari mamia, kila moja inaimba wimbo wake, hakuna mbili zinazopatana, na zote zinaimba kwa wakati mmoja. Mtu mwenye sikio la muziki anaumwa kabisa. Waliokaa mbele ya mashine hawasikii chochote, wanabonyeza tu. Babu mmoja alikuwa amevua viatu. Nilizunguka mara tatu nikitafuta jukwaa, na mara zote tatu nikatokea kwa yule babu. Mara ya tatu akanisalimia.

Jukwaa lilikuwa nyuma, karibu na mgahawa. Papa Mulenda akatoka. Shati jeupe, miwani myeusi, gitaa jekundu, waimbaji wawili wa kike kando yake. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia. (Ngoma zinasikika, mpiga ngoma haonekani. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilikuwa nalia.)

Mara sebene ikaingia, na ndani yake kile kipande changu.

Hapa wasio wa kwetu wanielewe. Kwetu mpiga gitaa akikukuna moyo, huwezi kukaa na noti mfukoni. Unainuka, unamwendea ukicheza, unambandika noti kwenye paji la uso, jasho linaishika, naye anaendelea kupiga. Ndiyo heshima yenyewe. Na anayetaka kazi kwa mzee kama yule hamwendei mikono mitupu. Nikainuka na hela ya kuku.

Mlinzi akaninyooshea mkono. "Eish, bhuti, unaenda wapi?" akauliza kwa Kiingereza. (Bhuti kwao ni kaka.)

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba naenda kumtuza mzee. Hakuelewa, na mimi sikuwa na muda wa kumfundisha. Nikapanda ngazi nikicheza, nikafika mbele ya Papa Mulenda, nikambandika noti. Ikaanguka. Nikaibandika tena. Ikaanguka tena. Lile paji lilikuwa kavu. Mtu anapiga sebene dakika nane na hana hata tone la jasho.

Nikainama kuiokota. Mlinzi akafika akanikamata mkanda wa suruali kwa nyuma. Nikarusha mguu, mguu ukanasa kwenye waya, waya ukachomoka kwenye gitaa na kuanguka sakafuni katikati yetu.

Gitaa likaendelea kulia.

Papa Mulenda alikuwa ameshtuka, ameinua mikono yote miwili juu, na kile kipande nilichokisotea miaka miwili kikawa kinajipiga chenyewe. Wale waimbaji wakafunga midomo kwa hofu. Sauti zao zikaendelea kuimba. Pembeni kulikuwa na mtu mmoja na kompyuta yake, ameganda kabisa.

Watu wakaanza kucheka. Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nikanyakua maiki ili niwaambie ukweli wote, kwamba tumedanganywa, kwamba muziki hauchezewi hivi. Nikahutubia kwa nguvu zangu zote, kidole hewani, mlinzi akiwa bado ameshika mkanda.

Maiki haikuwa imewashwa. (Kwa nini iwashwe? Haikuwa na kazi.) Kwenye video nitaonekana nafumbua na kufumba mdomo bila sauti, nyuma yangu sebene imenoga. Kwa anayetazama, mimi ni mmoja wa kundi.

Tukawekwa mimi na Papa Mulenda kwenye benchi moja nje ya ofisi ya meneja. Mzee aliingia kwanza, akarudi akakaa. Meneja tulimsikia wote: Jumamosi ijayo ni laivu kweli, ama asirudi.

"Papa, umetudanganya," nikamwambia. "Nimejifunza gitaa kwako. Nimetoka kwangu na suruali ya harusi."

Akavua miwani. Akanyoosha mikono yake mbele yangu. Vidole vilikuwa vimepinda, viungo vimevimba.

"Hii mikono haipige tena, mwaka wa ine sasa," akasema, akinionyesha vidole vinne. "Ile unasikia ni mie. Lakini ni mie wa zamani. Niko naiga mie mwenyewe."

Hasira ikanipungua, nikaudhika kwamba imepungua. Akaniuliza kama napiga. Nikasema napiga. Akanipa lile gitaa jekundu, nami palepale kwenye benchi nikapiga kipande chake chote. Alifumba macho mpaka nikamaliza.

"Pale katikati unakosea," akasema. (Miaka yote hii nakosea.) "Lakini mukono ni wangu. Utapiga Jumamosi."

Moyo ukaruka. Nikaanza kumshukuru.

"Subiri," akasema. "Kwa bango iko sura yangu. Batu banakuja kuniona mie. Mie nitasimama mbele na gitaa. Weye utakaa nyuma ya pazia, unapiga."

Nikasimama. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wa umri ule. (Nilianza na "samahani, Papa," kwa hiyo adabu ilikuwepo.) Nikamwambia ni uongo uleule umebadilishiwa nguo. Nikamwambia sikuvuka nchi nne ili nifichwe kama ndoo ya kudekia. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Umemaliza?" akauliza. "Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi na moja."

Na mimi, mwenye hotuba zote hizo, nikasema ndiyo. Hapo ndipo hasira yangu yote ilipo, siyo kwa mzee, siyo kwa mlinzi. Nimekasirika kwamba nilisema ndiyo haraka hivyo, na kwamba tangu jioni nimekaa hapa kitandani narekebisha pale katikati.

Basi Jumamosi saa tisa njooni. Mtakayemwona ni Papa Mulenda, mtakayemsikia ni mimi. Pazia lenyewe nimelikagua wakati natolewa, halifiki chini, linaishia magotini. Atakayeona viatu vyangu vinacheza, tafadhali asicheke.