Tairi Nne za Dovie

Jumapili, 3 Mei 2009

Siku kubwa katika historia ya biashara mjini Pawley Springs. Huenda Oklahoma nzima.

Baada ya ibada nimepanda ngazi na kubadilisha maneno kwenye kibao cha dukani, kile cha herufi za plastiki kinachoonekana kutoka barabara kuu. Sasa kinasomeka: DOVIE SANDLIN ANAKANYAGA TAIRI ZA TIDMORE. KAPEWA BURE!

Na ni kweli tupu. Alhamisi mvua ya mawe ilimleta Dovie dukani kwangu na kile kipikapu chake. Mrushaji bora wa softiboli, mpira ule wa kurusha na kugonga kwa gongo, aliyepata kuvaa jezi ya chuo chetu, na tairi zake zimeisha mpaka nyuzi zinachungulia! Alitaka kwenda kumwona bibi yake mjini Guymon, mwendo wa nusu siku. Ningemwacha aende kufa? Nimemfunga nne mpya. Alikataa mara tatu. Mimi nikikataliwa ndiyo kwanza napata nguvu.

Gaylon Teague, muuza magodoro, amepita mara mbili akipunguza mwendo. Mara ya pili kapiga picha. Wivu! Miaka yote anajiita shabiki namba moja kwa sababu kiti chake uwanjani kina mto.

Nelda, mke wangu, amekisoma kibao mikono kiunoni. Akasema, Doyle, shuka, na hayo maneno shuka nayo. Nikamwambia hajui matangazo.

Jioni kijana wa bendi ya chuo, yule wa tarumbeta, kaja na pancha. Nimembadilishia na kumfukuza. Si habari ya kuandika.

Jumatatu, 4 Mei

Msiba.

Saa mbili asubuhi kaingia Bwana Vossler, ofisa wa kanuni wa chuo. Mrefu, mkavu, tai imefungwa kama kitanzi. Huyu ndiye aliyetufafanulia mwaka jana kwamba chuo kinaweza kumpa mchezaji mkate mkavu, lakini ukishapakwa jibini ni mlo, na mlo ni kosa. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Kasema Dovie amepoteza ruhusa ya kucheza tangu Alhamisi ile. Tairi ni zawadi ya mfadhili wa timu, yaani mimi. Mwanafunzi mchezaji haruhusiwi kupewa kitu ambacho wanafunzi wengine hawapewi. Amelirudia hilo polepole, akinitazama machoni, "ambacho wengine hawapewi, Doyle." Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Chuo kitaomba kwa wakubwa wa michezo ya vyuo, kule Indianapolis, arudishiwe ruhusa. Jibu Ijumaa, Mungu akipenda. Jumamosi ndiyo fainali ya ligi, na Dovie yuko mwaka wa mwisho. Bibi yake, Mama Opal, aliyemlea tangu mtoto, hajawahi hata siku moja kumwona akirusha, maana Jumamosi zote anapika kwenye nyumba ya wazee. Safari hii ameomba ruhusa. Anakuja.



Vossler ameniamuru nishushe maneno na nikae mbali na Dovie. Nimetii palepale. Nimepanda ngazi na kuandika: DOVIE SANDLIN HAJAPEWA KITU CHOCHOTE HAPA.

Baada ya chakula cha mchana karudi, kashusha herufi mwenyewe. Hata ngazi hakushikiwa.

Jumanne, 5 Mei

Nimeamka na akili inachemka. Jambo ni rahisi! Kosa ni tairi? Ondoa tairi, kosa limekwisha. Nashangaa watu wenye digrii hawakuliona.

Nimeingia maegesho ya chuo wakati wa vipindi, na jeki na matofali. Kazi safi, ya haraka, kama wale wa mbio za magari. Nikaondoka na tairi nne, nikipiga mluzi.

Nilichosahau: tairi zake za zamani nilishazikatakata, nimepandia maua.

Basi Dovie katoka darasani kakuta gari lake limekaa juu ya matofali kama kuku anayeatamia. Polisi wa chuo wakaitwa. Nikakimbia kurudisha tairi. Nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa njia, anacheka na kulia kwa pamoja. Kaniambia, "Mzee Doyle, nakupenda kama babu yangu, lakini nakuomba kwa jina la Mungu, usinisaidie tena."

Nimeguswa. Msichana ana adabu. Lazima nimsaidie.

Vossler kaja tena. Kasema kuziondoa hakufuti kitu. Na sasa nimezirudisha, kwa hiyo kwa hesabu ya kanuni nimempa zawadi ileile mara mbili. Nikamuuliza kama anasikia anachosema. Akasema anasikia, na ndiyo maana usiku hapati usingizi.

Jioni timu imecheza bila Dovie. Tumechapwa vibaya. Dovie kakaa benchi na nguo za kawaida, anabeba maji. Gaylon alikuwa kwenye mto wake, hakunitazama. Najua ni yeye aliyenichongea. Picha ile!

Jumatano, 6 Mei

Habari njema, halafu akili yangu, halafu habari mbaya.

Habari njema: kuna njia. Dovie anaweza kulipa thamani ya tairi kwa shirika lolote la hisani, kwa jasho lake mwenyewe, na wakubwa huwa wanalitazama hilo kwa jicho zuri. Amechagua jiko la kanisa linalolisha wasio na kitu. Anaosha vyombo mkahawani kila akitoka darasani. Vidole vimemchubuka, Nelda kaniambia. Vidole vya kurushia!

Akili yangu: pai ya pekani. Nelda huoka kila Jumatano. Nikafunika sahani, nikachomeka noti kadhaa kati ya karanga na unga, kwa ustadi, zimekunjwa ndogo. Nikamwambia Nelda ampelekee yule mtoto, ni chakula tu cha upendo. Pai haina jina la mtu. Pai haisemi.

Habari mbaya: Nelda si mjinga. Kasema pai kwa Dovie ni kosa jingine, kwa hiyo ataipeleka kwa Bwana Vossler, maskini, amekonda wiki hii kwa ajili yetu.

Nilitaka kumkimbilia. Goti likakataa.

Vossler alikuwa mezani na mkuu wa chuo. Kaingiza uma, kanyanyua, na sura ya Rais Jackson, ile ya noti ya dola ishirini, ikatoka na shira mashavuni.

Sasa nashukiwa kumhonga ofisa wa kanuni. Nimempigia Vossler simu kujieleza kwamba hongo haikuwa yake, ilikuwa ya Dovie. Akasema kwa sauti ndogo, "Doyle, tafadhali, lala mapema."

Wale vijana wawili wa Nepal wanaosoma kemia walikuja na Corolla yao. Nimewafunga tairi mbili zilizotumika, nikawafokea waache kuendesha hovyo. Walitaka kulipa. Na nini, na vitabu? Toka hapa.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeitwa ofisini kwa Vossler kuhojiwa na wakubwa wa Indianapolis kwa simu. Nimevaa suti ya harusi, vifungo viwili vinagoma. Nelda amekuja, kakaa kwenye kona na mkoba magotini. Kasema amekuja kunizuia. Nikamwambia amekuja kujifunza namna mwanamume anavyozungumza na serikali.

Upande wa simu, mwanamke mpole. Kaniuliza kwa nini nilimpa Dovie tairi. Nikasema kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na tairi zake zilikuwa aibu. Vizuri. Kaniuliza kama nilitarajia kitu. Nikasema ushindi. Vossler kafumba macho.

Halafu swali lenyewe. Je, nimewahi kuwasaidia wanafunzi wengine wasio wachezaji kwa namna hiyo?

Hapo nikaona mtego. Anataka kujua kama mimi ni mtu wa kugawagawa mali kama mlevi! Mji huu unamjua Doyle Tidmore kama mfanyabiashara chuma. Magari yote ya kata yamelipa hapa. Nikanyoosha mgongo, nikasema, "Kamwe, mama! Hakuna aliyewahi kupata hata valvu ya bure kwangu. Ni Dovie peke yake duniani!"

Vossler akaweka paji la uso mezani. Taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nelda akafungua mkoba, akaufunga. Akasema anaomba neno. Nikamkatalia. Akasema, "Nyamaza, Doyle." Na akaanza! Kijana wa tarumbeta. Wanepali. Msichana anayesomea ng'ombe, yule mwenye kichanga, alipewa nne mpya kabisa kwa sababu eti kichanga hakiwezi kupanda gari la kupasukiwa tairi. Yule wa falsafa aliyelala dukani siku ya theluji, akala steki yangu na kuondoka na betri. Miaka yote hiyo! Alikuwa anaona kila kitu kupitia dirisha la jikoni kwetu, linalotazama duka, mwanamke huyu, na hajawahi kusema neno.

Masikio yamenichoma. Gaylon akisikia, nimekwisha. Atasema mimi ni laini kama magodoro yake.

Yule mama wa simu akaniuliza kama ni kweli. Akaongeza kwamba jibu hilo ni muhimu sana kwa Dovie.

Nikatazama nje. Dovie alikuwa uwanjani peke yake, anarusha mpira ukutani, anauokota, anarusha. Ukutani! Hana hata mdakaji.

Nikasema ni kweli. Kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. Nikaongeza haraka kwamba nyingi zilikuwa zimetumika.

Ijumaa, 8 Mei

Vossler amewatafuta wote. Wamekuja mpaka dukani! Yule wa tarumbeta kaleta nusu ya bendi, kumbe wengine nilishawasahau. Msichana wa ng'ombe kaja na kichanga, kimeshakua, kinatembea, kimenitapikia kiatu. Nimewafukuza wote, wananifukuzia wateja. Hawakuondoka. Wamekula barafu yangu.

Gaylon naye kaingia. Nikakunja ngumi. Akasema mpwa wake alipata tairi mbili kwangu mwaka juzi, na familia haikujua namna ya kunishukuru maana mimi hufoka. Ameshamwambia Vossler. Na ile picha? Alitaka kumwonyesha mkewe, kwa sababu lilikuwa tangazo zuri.

Nani basi alinichongea? Hakuna. Vossler hupita barabara kuu kila asubuhi akienda kazini. Anajua kusoma.

Saa kumi simu imelia. Dovie amerudishiwa ruhusa! Wakubwa wameona kwamba wanafunzi wengi hupata msaada uleule kwangu. Mchezo wa Jumanne aliokaa benchi unatosha kuwa adhabu. Atalipa kwa jiko la kanisa tofauti tu ya tairi mpya na iliyotumika, na kwa vyombo alivyoosha ameshaimaliza.

Nelda amelia. Mimi vumbi la breki limeniingia machoni. Yote mawili.

Jumamosi, 9 Mei

TUMESHINDA!

Nimekaa mbali kama nilivyoagizwa, nyuma ya pipa la barafu. Gaylon ameacha kiti chake, kaja kukaa na mimi. Kaleta mto wa pili. Ni mtu mzuri, ingawa magodoro yake yanauma mgongo.

Mama Opal alikuwa mstari wa mbele na kofia ya kanisani. Mdogo, amenyooka. Hakushangilia. Kila Dovie aliporusha, midomo yake ilitembea tu. Mgongaji wa mwisho wa wapinzani alipoukosa mpira, bibi alisimama, akavua kofia, akaipungia uwanja mzima kama anayewaaga watu stesheni. Dovie akaruka uzio. Wakashikana.

Vossler alikuwa langoni. Nikamwona anatabasamu. Meno anayo.

Jumapili, 10 Mei

Mtu mwenye akili hujifunza. Mimi nimejifunza.

Jana kwenye maegesho nililiona gari la Mama Opal. Buick ya zamani, na tairi zake zimeisha mpaka zinang'aa kama kipara cha Gaylon. Anarudi Guymon na hizo! Na wiki ijayo mashindano ya taifa yanaanza, atataka kuja tena.

Nimetafakari kanuni zote. Zimesema Dovie. Zimesema mchezaji. Hakuna aliyenitajia bibi.

Kwa hiyo asubuhi hii, kabla hajaondoka, nimemfunga nne mpya, zile za bei ya juu kabisa. Alikataa mara nne. Familia nzima ni wabishi! Na safari hii hakuna wa kunisingizia kwamba nagawa ovyo. Nimepanda ngazi, nimeandika wazi: BIBI WA DOVIE ANAKANYAGA TAIRI ZA TIDMORE. KAPEWA YEYE PEKE YAKE!

Nelda amefunga dirisha la jikoni na pazia.

Kutoka huku juu ya ngazi naona mbali. Naona gari la Vossler limesimama katikati ya barabara kuu, mlango wazi. Anakuja kwa miguu, anakimbia na viatu vya kanisani, anapunga mikono yote miwili. Mtu mkavu vile! Furaha ya ushindi bado haijamtoka.

Ngoja nishuke nimpokee. Hata tairi zake, nikizitazama vizuri, zimeanza kuisha.