Fyuzi ya Bwana Wazir

Jumatatu, 8 Juni

Siku ya kwanza gereji. Nimedhalilishwa!

Shule imetutawanya sisi wa Gredi ya Kumi tuliochagua ufundi wa magari, wawili wawili, tukajifunze kazi kwa mikono. Mimi nimeangukia kwa Fundi Madi, hapa Faza. Mwenzangu ni Khairiya wa Kizingitini. Katika darasa zima, Khairiya! Msichana anayeinua mkono kabla mwalimu hajamaliza swali.

Nilifika na ovaroli iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni. Fundi Madi akanitazama juu hadi chini, akaniuliza kama nimekuja kukagua. Kisha akatuonyesha injini ya pikipiki iliyofunguliwa. Khairiya akauliza kile kidude cha pembeni ni cha nini. Mimi, kwa kumpunguzia Fundi kazi, nikaeleza. Nikaeleza kwa kirefu na kwa ufasaha. Kumbe nilikuwa naeleza kichujio cha hewa, na kile ni kabureta. Kosa dogo! Vyote si vinapitisha hewa?

Matokeo: Khairiya kapewa spana. Mimi nimepewa mswaki na mnyororo wa bodaboda ulioganda matope. Na birika. Ndiyo, birika! Ati nikalete chai.

Mimi ni wa Ndau. Kwetu hakuna gari hata moja, na watu hudhani hilo ni upungufu. Kinyume chake! Nimelisoma gari kwa utulivu, bila gari lenyewe kunivuruga.

Jumanne, 9 Juni

Pikapu imeingia! Pikapu halisi, ya buluu. Mwenyewe ni Bwana Wazir, mzee wa Lamu mjini anayenunua kamba mawe kwa wavuvi wa Kizingitini na kuwakimbiza kamba hao, wangali hai, hadi gati la Mtangawanda wapande boti. Breki zinalia. Mikono iliniwasha.

Nani kaingia uvunguni mwa gari pamoja na Fundi? Khairiya. Nani kashika tochi? Mimi. Na hata tochi sikuachiwa kwa heshima. Fundi alipiga kelele kutoka chini kwamba anafanya kazi gizani, kwa sababu namulika uso wangu kwenye kioo cha pembeni. Nilikuwa nakagua kioo!

Halafu habari kubwa. Mwalimu Douglas, anayetufundisha ufundi, amepiga simu. Anakuja Alhamisi. Atatutazama tukifanya kazi, na mmoja wetu atapelekwa Mombasa kwenye mashindano ya mafundi wanafunzi. Mmoja! Khairiya akatabasamu. Tabasamu la mtu aliyekwisha kupanga begi.

Jumatano, 10 Juni

Nimepata mpango. Nashangaa nilikuwa wapi siku zote.

Tabibu gani huwashinda wenzake? Anayejua ugonjwa uko wapi. Na nani atajua ugonjwa uko wapi kuliko aliyeutia? Huu si udanganyifu. Haya ni maandalizi.

Breki zimekamilika, pikapu inachukuliwa kesho. Fundi alipokwenda kuswali Alasiri, na Khairiya yuko nyuma ananawa girisi, nilifungua kifuniko kilicho chini ya usukani. Nikang'oa fyuzi moja tu. Kidude cha plastiki, kidogo kama kucha, chenye miguu miwili ya chuma. Nikazungusha ufunguo. Kimya! Maiti!

Kesho itakuwa hivi: Mwalimu amesimama. Gari limegoma. Fundi anakuna kichwa. Mimi najitokeza taratibu, nafumba macho, nasikiliza, naingiza mkono ndani. Gari linanguruma. Mombasa!

(Nimeswali baadaye. Isije ikasemwa.)

Alhamisi, 11 Juni

Naandika nikiwa nimelala ubavu kwa amri ya Shangazi Ghada, ambaye naishi kwake. Siku ya dhulma!

Asubuhi mambo yote yalikuwa sawa. Mwalimu Douglas kafika. Fyuzi iko mfukoni. Ghafla Fundi Madi akaikosa spana yake namba kumi. Akasema haondoki mtu, kila mmoja ageuze mifuko. Mbele ya mwalimu! Ningefanyaje? Nilipiga chafya ya uongo na kuitia fyuzi mdomoni. Mifuko yangu ikakutwa mitupu, safi kama ya malaika. Spana ikapatikana kwenye mfuko wa nyuma wa Fundi mwenyewe. Hakuomba radhi. Liandikwe hilo.

Kabla sijapata pa kuitemea, Mwalimu akanigeukia.

"Haya, Yassir, hebu tueleze breki hufanyaje kazi."

Swali ninalolijua! Nikatikisa kichwa kwa hekima. Akangoja. Nikanyooshea gurudumu kidole. Akangoja. Khairiya akaeleza yeye, tangu pedali hadi gurudumu, hakubakisha hata tone la mafuta ya breki.

Hapo ndipo Bwana Wazir alipoingia mbio, kamba wake wakimfuata kwa tuktuk, makapu yamefunikwa magunia yaliyoloa. Akaniona nimesimama kama nguzo.

"Mbona umefumba kanwa, mwanangu? Nena!"

Akanipiga kofi la mgongoni. La mapenzi.

Nikameza.

Makapu yakapakiwa kwenye pikapu. Bwana Wazir akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya.

"Mai yakupwa!" akalia. Maji yakishakupwa boti haingoji, na kamba aliyekufa hanunuliwi. Ndani ya makapu yale mlikuwa na jasho la nusu ya wavuvi wa Kizingitini, babake Khairiya akiwa mmoja wao. Fundi akakuna kichwa, kama nilivyopanga. Mwalimu akasimama akitazama, kama nilivyopanga. Kila kitu kilikuwa kama nilivyopanga, ila dawa ilikuwa tumboni mwangu.

Nilijitahidi, asiseme mtu. Nilifumba macho. Nilisikiliza. Nilipiga tairi teke. Nikatangaza kwamba tatizo ni chumvi ya baharini. Khairiya akafungua kifuniko cha chini ya usukani, akaona tundu tupu, akang'oa fyuzi ya honi na kuipachika pale. Gari likawaka. Bwana Wazir akaondoka bila hata kuaga.

Kisha yule msichana akasema, kwa upole ule wake wenye sumu, "Fundi, fyuzi haikuungua. Imeng'olewa."

Wote wakanitazama. Kwa nini mimi? Ushahidi uko wapi? Hapohapo tumbo likanikata, nikajikuta napiga ukelele: "Ina miguu ya chuma! Itanitoboa!"

Basi ushahidi wakaupata.

Nimepelekwa hospitali kwa tuktuk ileile ya kamba. Nimepigwa picha ya tumbo. Daktari akawaita wenzake waje waitazame, nao wakaja na chai zao. Akasema itashuka yenyewe, nile, ningoje, nikipata maumivu nirudi mara moja. Shangazi Ghada amejitwika kazi ya kungoja. Fedheha ya kungojwa haiandikiki.

Ijumaa, 12 Juni

Khairiya kachaguliwa. Dhulma! Hebu tufikiri kwa haki. Bila mimi angetengeneza nini? Gari zima? Ugonjwa niliutia mimi, yeye katoa dawa tu. Nusu ya Mombasa ni yangu. Nimemwandikia hivyo kwa simu. Amenijibu kwa kicheko kirefu.

Kamba walifika gatini wazima, alhamdulillahi. Lakini pikapu ilikwenda bila honi. Inasemekana Bwana Wazir alitoa kichwa dirishani njia nzima akiwapigia kelele punda wampishe, na sasa sauti imekauka. Amekuja leo kunijulia hali, ananong'ona. Ameniambia lau kamba wake wangekufa angenimeza mimi. Kisha akamwachia Shangazi kamba mmoja, ati wa kushukuru kwamba nimesalimika. Shangazi kampika kwa nazi. Mimi nimepewa uji.

Njiani kutoka msikitini, vijana wa bodaboda wananisalimu kwa honi.

Jumamosi, 13 Juni

Khairiya amekuja na mamake na sahani ya vitumbua. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakuleta kejeli! Akasema juzi niligeuka rangi ya jivu, na usiku ule hakupata usingizi. Akasema Fundi Madi atanipokea tena Jumatatu, mradi niseme ukweli mwenyewe, kwa kinywa changu, bila kusukumwa.

Kwa muda nilihisi kitu kizito kifuani. Pengine ni uji.

Kisha nikaelewa. Wananihitaji! Gereji imelemewa!

Jumapili, 14 Juni

Imetoka. Sitaandika zaidi.

Ila hili: Shangazi ameichemsha, ameifunga kitambaani, akampelekea Bwana Wazir kwa kuwa mali ya mtu hurudishwa. Bwana Wazir amekataa kuigusa. Sauti yake imerudi. Ilisikika mtaa mzima.

Jumatatu, 15 Juni

Nimerudi kazini. Nimemwambia Fundi Madi ukweli wote, au sehemu zake zilizo muhimu. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema, mengi. Akashusha pumzi, akanipa spana. Spana yangu! Nikafungua magurudumu ya pikipiki hadi adhuhuri, na nikafunga yote isipokuwa moja, ambalo Khairiya aliliwahi kabla halijachomokea barabarani. Anapenda kujionyesha.

Halafu habari. Mwalimu Douglas atarudi wiki ijayo kuona nilivyobadilika. Khairiya akiugua, au akisita, kutahitajika mtu wa akiba wa kwenda Mombasa. Na hapa uani imelala tuktuk ya Bi Mwanamkisi, muuza maji, inayosubiri tairi tu. Injini yake ni nzima kabisa. Kwa sasa.

Nimeichunguza plagi yake, ile inayowasha injini, wakati wa chai. Ndefu, nene, ya kauri na chuma.

Haimezeki.