Mama Yake Nahodha

Bwana Funguo hakuwa na mlango hata mmoja duniani. Chumba alicholala kilikuwa cha kupanga, na kilifungwa kwa kipande cha kamba. Lakini kiunoni alining'iniza shada la funguo zito kama jiwe la mizani, na alipotembea zilimtangulia kwa mlio. Watu walipozisikia walimpisha. Mtu mwenye funguo nyingi humwulizi yeye ni nani. Unamwuliza choo kiko wapi.

Kazi yake ilikuwa kuwachagulia watu hoteli kabla hawajachagua wenyewe. Mji ule ulikuwa na gati ilikofika meli kubwa nyeupe ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa, isiyobeba shehena ila watu wanaokwenda kula na kulala juu ya maji. Wasafiri wake walifika mjini siku moja kabla kwa hofu ya kuachwa, na mtu anayeogopa kuachwa na meli unaweza kumlaza hata jikoni, mradi umwambie jikoni kwenyewe ni karibu na gati. Bwana Funguo aliwapokea kituo cha treni, akawapeleka hotelini, na hoteli ikampa cha juu. Waliokuwa wameshaweka chumba kwingine aliwapa pole, akawaambia kule maji yamekatika tangu juzi. Kwa maneno yake, maji ya mji ule yalikatika kila mahali isipokuwa palipokuwa na cha juu chake.

Lakini lilikuwapo jambo moja lililomkosesha usingizi. Mama yake, aliyekaa mbali, alikwisha kuambiwa zamani kwamba mwanawe ana meza katika hoteli kubwa. Meza yake mwenyewe, na kiti kinachozunguka. Mama akawaambia majirani, majirani wakaguna, na sasa alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja kuiona meza hiyo, akikalie kidogo na hicho kiti, kwa sababu majirani zake ni watu wa kuonyeshwa, si wa kuambiwa. Kuwadanganya wageni ilikuwa kazi yenye mapumziko. Kumdanganya mama yake haikuwa na Jumapili.

Asubuhi hiyo, treni iliposhusha watu, akawaona. Wazee wawili wa kike, ndugu, maana pua ilikuwa ile ile imegawiwa mara mbili. Kila mmoja alikuwa na sanduku kubwa la magurudumu lenye karatasi ya njano ya meli imefungwa kwenye mpini. Mdogo alikuwa akijipepea. Mkubwa alikuwa amesimama katikati ya watu akisoma mabango ya hoteli moja moja, polepole, kama anayechambua mchele.

Bwana Funguo akatikisa kiuno kidogo, funguo zikalia, akasogea na shikamoo mbili.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu mkubwa. "Wewe ndiye mwenye kituo?"

Akacheka kwa unyenyekevu wa mtu ambaye angeweza kuwa mwenye kituo lakini hapendi makuu. Akauliza wanalala wapi. Bibi yule mkubwa akasema meli ni kesho, hoteli hawajachagua, na wala hawana haraka ya kuchagua, kwani anayepanda meli bila kulala vizuri hutapika kuanzia gatini mpaka siku ya kurudi.

"Ndiyo maana mimi siwezi kulala usiku mahali ambapo sijalala mchana," akasema. "Lazima kitanda nikijaribu."

Mdogo wake akathibitisha kwamba dada yake ndivyo alivyo. Hata mume alimchagua hivyo hivyo, mpaka wadogo zake wote wakaolewa na kuzaa wakimsubiri.

Bwana Funguo akainua masanduku na karibu aanguke kinyumenyume, kwa vile yalivyokuwa mepesi. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye alifurahi. Watu wa pesa, akawaza, hawabebi nguo. Wananunua huko huko.

Hoteli ya kwanza ilikuwa ile yenye lifti inayokwama. Dada wa mapokezi hakuinua hata macho. Akasema hapa hakuna kujaribu vitanda, hapa si duka la magodoro. Bwana Funguo akaona siku yake inaharibika mapema. Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Unamjua huyo unayemkatalia? Ni mama yake nahodha."

Dada akainua macho. Chai ikaja, na maziwa yake pembeni. Bibi wawili wakapelekwa chumbani kwa heshima, masanduku nyuma yao, mlango ukafungwa wasisumbuliwe, na walipotoka baada ya usingizi mrefu Bibi akasema kitanda si kibaya ila kina mabonde. Dada wa mapokezi akaomba radhi kwa niaba ya kitanda.

Barabarani Bwana Funguo alihisi masanduku yamemlemea kidogo. Akakumbuka kwamba hajanywa chai.

Hoteli ya pili, ya vioo vya kijani, aliingia na uongo wake umekwisha kunenepa. Sasa nahodha hakuwa na mama tu. Alikuwa mtoto mtiifu. Hoteli itakayompendeza mama, ndiko atakakowaambia abiria wake wote walale, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Alipokuwa akitafuta pumzi aongeze, alimsikia Bibi nyuma yake akishusha pumzi ya mzazi.

"Yule kijana wangu tangu mdogo hasikii la mtu. La kwangu tu ndilo analisikia."

Bwana Funguo akageuka. Bibi alikuwa akitazama saa ya ukutani, uso umetulia kabisa. Kwa nukta moja akajiuliza ni nani hapa anayemfundisha mwenziwe kazi. Kisha akajiambia wazee wanapenda sifa, hata za watoto wasio wao, basi.

Pale walilala tena, wakaoga na kuoga, wakatoka wananukia. Kitanda kilikuwa kizuri, Bibi akasema, ila dirisha linatazama ukuta. Masanduku yalikuwa mazito kweli sasa. Bwana Funguo akayaburuta akilaumu barabara, na mara moja akalaumu umri.

Hoteli ya tatu ndiyo ilikuwa hoteli. Ilitazama gati uso kwa uso, na kila kitu chake kilidariziwa nanga ya bluu: taulo, shuka, foronya, hata leso za mezani. Meneja wake alikuwa na kalamu mfukoni na hofu moyoni, maana mwenye hoteli, mama mmoja mnene wa miwani ya dhahabu, alikuwa amemwuliza juzi kwa nini wasafiri wa meli wanaipita hoteli yake kama kituo cha mafuta. Aliposikia habari za mama yake nahodha hakungoja Bibi ajaribu kitanda. Akatoa chumba kikubwa kuliko vyote, bure, usiku kucha.

Hapo ndipo Bwana Funguo alipoiona nafasi ambayo haikuwa ya cha juu. Akamvuta meneja pembeni, akamwambia kwa sauti ambayo, kwa mara ya kwanza siku ile, haikuwa na uongo ndani yake, kwamba yeye hataki pesa. Anataka meza, hapa ndani, na kiti.

Meneja akamtazama, akatazama ngazi alikopandia Bibi.

"Bibi akilala, akaamka, akaondoka hapa ameridhika, meza utapata. Akinung'unika hata kwa kikohozi, usinikanyagie tena sakafu."

Jioni ile Bwana Funguo alimtumikia yule bibi kuliko alivyopata kumtumikia mtu. Bibi alipiga simu mapokezi kwamba taulo ni chache. Akapanda nazo mbio. Bibi akasema mifupa yake inataka shuka za ziada. Akazishusha kutoka stoo yeye mwenyewe. Mito miwili ilikuwa migumu, akapeleka mingine miwili, na ile migumu hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Birika la umeme lilikuwa linachemka kwa kelele, akapeleka lisilo na kelele. Ndara za chumbani, joho la kuogea, na joho la mdogo wake ambaye naye husikia baridi. Kila alipogonga, mlango ulifunguliwa kiasi cha mkono kupita, na Bibi akamwambia, Mungu akujalie, mjukuu wangu. Meneja alipomkuta kwenye ngazi akihema, alimpigapiga bega.

Asubuhi Bibi alishuka mwenyewe mapokezi, akasema mbele ya wote kwamba hajawahi kulala mahali kama pale. Meneja akafumba macho kama mtu aliyesomewa dua. Bwana Funguo akataka kuinua masanduku, hayakuinuka. Akayasukuma kwa goti. Gurudumu moja likakatika njiani kuelekea mlangoni, akalitia lile sanduku begani, shingo ikaingia ndani kama ya kobe. Mlinzi wa mlangoni akanyoosha mkono, akasema utaratibu ni kutazama mizigo.

"Unamfungulia masanduku mama yake nahodha?" Bwana Funguo akamwuliza kutoka chini ya sanduku. Mlinzi akapiga saluti.

Gatini wapagazi hawakuuliza kitu. Sanduku lenye karatasi ya njano lilitupwa kwenye toroli, toroli likasukumwa kwenye mkanda, mkanda ukalimeza ndani ya meli. Yalipopotea yote mawili Bwana Funguo akajifuta jasho.

"Bibi, umeridhika kweli?"

"Nimeridhika mpaka nimebeba," akasema Bibi. Akamshika mkono kwa huruma, akazitazama zile funguo. "Hizi zipunguze, mwanangu. Zinakuumbua. Mtu mwenye milango mingi hivi hashindi kituo cha treni. Nilikuona tangu nikiwa dirishani mwa treni, nikamwambia mdogo wangu, yule pale tumpe siku nzima."

Wakapanda ngazi wakishikana mikono, polepole, mdogo akijipepea kwa leso. Leso ilikuwa na nanga ya bluu.

Alikuwa bado anaitafakari ile leso meneja alipofika mbio, tai imehamia mgongoni. Akasema chumba kimebaki kama kilivyotoka kwa fundi. Taulo hakuna, shuka hakuna, mapazia hakuna, mabirika yote mawili hakuna, hata kizibo cha sinki kimeondoka.

"Godoro wameliacha," akamalizia, karibu kulia.

"Lisingeingia," akasema Bwana Funguo, ambaye hakuna aliyeyajua yale masanduku kuliko yeye.

Honi ya meli ikalia. Na hapo, kwa bahati ambayo meneja hakuiomba, akafika mwenye hoteli na miwani yake ya dhahabu, amevaa kama wa harusini, amekuja kumuaga mama yake nahodha. Akatazama juu. Kwenye sitaha, juu kabisa, wazee wawili walikuwa wakipunga. Kila mmoja ana taulo jeupe refu, na upepo ulikuwa ukizikunjua vizuri, nanga ya bluu ikionekana na gati nzima. Abiria wengine walikuwa wameanza kuuliza wamelala hoteli gani.

"Zile si taulo zetu?" akauliza mwenye hoteli.

Meneja akairudisha tai kifuani.

"Ni zetu, mama. Wanatutangaza."

Mwenye hoteli akatabasamu tabasamu ambalo wafanyakazi wake walikuwa wakilisikia tu kwa wazee wa zamani. Akaanza kupunga. Meneja akapunga. Bwana Funguo naye, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akapunga mpaka meli ikawa ndogo.

Baada ya hapo meneja alikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa imesimama pembeni yake ikiwa na shada la funguo. Hakuwa na namna. Meza ikatolewa, na kiti kinachozunguka, na sare yenye nanga. Ila haikuwekwa mapokezi. Iliwekwa kwenye mlango wa kutokea, na kazi yake ikawa kufungua mizigo ya kila mgeni anayeondoka. Meneja alisema kwa meno yaliyofungwa kwamba hajui mtu mwingine anayeelewa vizuri zaidi jinsi hoteli inavyopitishwa mlangoni.

Na Bwana Funguo aliiweza kazi hiyo kuliko alivyodhani. Mgeni mmoja, aliyerudi kutoka safari ya meli ile ile, akamsimulia huku akifungua begi kwamba huko meli inakogeuzia kuna nyumba mpya ya wageni, ndogo, ya bibi wawili. Safi, vitanda havina mabonde, na jambo la kuchekesha ni kwamba taulo za kila chumba zina nembo yake tofauti. Bwana Funguo akamwambia apite. Ukimtazama vizuri ungedhani anaona fahari.

Mama yake akaja. Aliizunguka meza mara mbili, akaigonga kwa kidole asikie kama ni mbao kweli, akakalia kiti, akazungushwa, akaomba azungushwe tena. Akanywa chai ya hoteli, akaonyeshwa chumba kile kikubwa chenye mapazia mapya, na humo akakaa kidogo peke yake, kwa kuwa alisema miguu inamuuma. Mwanawe alikuwa akimtazama kwa macho yaliyolowa. Uongo wa miaka yote ile ulikuwa umekuwa kweli, na bado hajazoea.

Saa ya kuondoka ikafika. Mlinzi alikuwa amesimama palepale mlangoni, yule yule wa saluti, ambaye aliponea kidogo kufukuzwa na hakuwa amesahau. Akautazama mkoba wa mama, ulivyovimba, akamtazama Bwana Funguo, akangoja.

"Mama, naomba mkoba."

"Unanipekua mimi niliyekuzaa?"

"Ndiyo kazi ya meza hii, Mama."

Mama akauweka mkoba mezani. Bwana Funguo akavuta zipu. Juu palikuwa na kitambaa cha kichwa, na chini ya kitambaa miwani, na chini ya miwani ncha nyeupe yenye uzi wa bluu. Akainua macho. Mama yake alikuwa akitazama dari, kama mtu anayehesabu taa.

"Kuna kitu?" mlinzi akauliza, akinyoosha shingo.

Bwana Funguo akairudisha miwani juu ya kitambaa, akafunga zipu taratibu mpaka mwisho.

"Miwani tu," akasema. "Pita, Mama. Nisalimie majirani."