Mtu Mtulivu Kuliko Wote Tanurini

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Asubuhi bosi ametutangazia, amesimama mbele ya magunia ya unga: tanuri la kuni linazimwa, Ijumaa tunaanza na la umeme. Wachomaji wa mkate tuko wawili, mimi na Kipara. Mmoja atakuwa mkuu wa tanuri jipya. Mwingine atapewa baiskeli akauze mkate mitaani. Baiskeli! Kwa magoti haya!

Tena ameleta mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, atufundishe akili hisia, yaani kuzijua na kuzimudu hisia zetu, ili tusichanganyikiwe na mabadiliko. Atatutazama wiki nzima, kisha atamshauri bosi amchague nani. Hapo ndipo nilipopata mpango. Nitakuwa mtulivu kuliko wote. Jioni nimeufanyia mazoezi uso wangu kwenye kioo. Mke wangu akauliza kama jino linaniuma.

Jumanne, 5 Machi

Somo la kwanza. Mshauri alisema hofu ikikupata, kwanza ikubali, halafu umwambie mtu, halafu... Yaliyobaki sikuyasikia, nilikuwa na kazi ya kuushikilia uso. Kipara akasimama mbele ya wote akasema anaviogopa vile vitufe vya tanuri jipya, hata usingizi hapati. Nusura nipige makofi. Amejimaliza mwenyewe! Nikampigapiga begani kumliwaza, kwa nguvu, ili mshauri aone.

Nyumbani nimegombana na kifuniko cha sufuria. Nimekifokea mpaka mama mkwe akabeba kiti chake akahamia kwa jirani.

Jumatano, 6 Machi

Kipara hapandwi na hasira, kwa hiyo nimeamua kumsaidia. Nikamnong'oneza kwamba bosi anamwona mzito wa kichwa. Nikakaa pembeni kusubiri alipuke mbele ya mshauri. Wapi! Akanishukuru kwa kumwambia, akaenda moja kwa moja kumuuliza bosi. Bosi akataka kujua nani kasema. Wote wakanigeukia. Nikatabasamu. Mashavu yameanza kuuma.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeula wa chuya. Kwetu anayesimama mlangoni mwa tanuri hunusa, na mkate ukiiva hupiga ukelele, "Njia!", ili wenye trei waje mbio. Bila ukelele hakuna anayesogea. Ndivyo tulivyozoea miaka yote. Leo zamu ilikuwa yangu, na mshauri kasimama pale pale, ananitazama. Je, mtu mwenye akili hisia hupiga kelele? Hapigi. Nikasema kwa upole kwamba mkate uko tayari, ndugu zangu, mkipata nafasi. Mashine ya kukandia ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia. Nikasema tena, kwa upole zaidi. Walikuja walipouona moshi.

Mkate wote mkaa! Bosi akafoka, nami nikatabasamu, akauliza nacheka nini. Mshauri akaniuliza najisikiaje. Nikamjibu sijisikii chochote. Na huku nasukuma koleo tanurini kutoa mikate iliyokwisha kutolewa, kila mtu ananiona. Kipara akalichukua polepole, akaniambia nikae, ndugu yake, ninywe maji. Afadhali angenitukana. Niliogopa. Niliogopa sana. Nimechoma mkate tangu ujana wangu na sijui kuwa mtu mwingine. Hilo naliandika hapa tu.

Ijumaa, 8 Machi

Kipara mkuu. Mimi baiskeli.

Mshauri akaniita kando. Akasema kila mtu pale alikuwa anaogopa, hata bosi mwenyewe. Woga wangu haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua nimebeba nini, basi angenisaidiaje? Kumbe Kipara ameomba msaidizi, na amenitaja mimi! Kesho niende tu kwa bosi nimwambie ukweli, kwamba naogopa na nataka kubaki. Basi, hayo tu.

Nilipofika nyumbani mke wangu akauliza imekuwaje. Nikamwambia nimepata ukuu wa tanuri. Mama mkwe akarudisha kiti chake ndani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeenda. Bosi alikuwa ananisubiri, Kipara pembeni yake ananikonyeza nianze. Nikatabasamu. Nikasema naipenda sana baiskeli, ina hewa safi. Bosi akashusha pumzi, akanionyesha ilipoegeshwa.

Njia yangu inapita mtaani kwetu. Halinisumbui hilo, nina mpango: kofia mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka puani, sauti nzito. Nilipopita nyumbani mke wangu akatoka, akachagua mkate. Akaniomba, nikirudi kiwandani, nimfikishie ujumbe mumewe, mkuu wa tanuri: mchana aje kula, hiyo skafu aivue maana jua ni kali, na yeye haoni aibu yoyote kuwa mke wa muuza mkate. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikaitikia, kwa sauti nzito, kwamba nitamfikishia.

Hakunitambua hata kidogo! Jumatatu nitaongeza miwani.